Ukipewa Mtoto Anayerusha Viti

Tangazo la kazi huwa fupi. Shule inatafuta msaidizi wa darasani wa kukaa na mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu na kumsaidia katika tabia. Awe amemaliza sekondari, awe na subira, asiwe na rekodi ya jinai. Waswahili wengi tulioko Marekani tunaiomba kazi hii, na sababu zinaeleweka. Haina zamu ya usiku, mara nyingi ina bima ya afya, na likizo zake zinakwenda sambamba na za watoto wetu wenyewe. Anayetoka kwenye ghala la mizigo au kwenye nyumba ya kulelea wazee huiona kama mapumziko. Kisha Jumatatu ya kwanza mtoto wa miaka tisa anarusha kiti, anamng'ata mkono, na darasa zima linamtazama yeye mtu mzima kuona atafanya nini.

Naandika kwa ajili ya mtu huyo, awe ametoka Mbeya, Mombasa au Bukavu. Shauri langu kubwa ni moja, mengine yote ni matawi yake: mtoto anayerusha kiti ana neno la kusema, na wewe umeajiriwa ulisikie neno hilo mapema, kabla hajaona kwamba bila kiti hasikiki.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyokuweka pale. Kabla ya mwaka 1975 shule nyingi za umma Marekani ziliweza kumfungia mlango mtoto mwenye ulemavu na asiwepo wa kuziuliza. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ambayo tangu 1990 inaitwa IDEA. Inampa mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure inayomfaa, kwa ujumla kuanzia miaka 3 hadi 21. Kila mmoja huandikiwa mpango wake mwenyewe, ambao shuleni utausikia ukiitwa IEP, na timu inayoupitia angalau mara moja kwa mwaka inamhusisha mzazi. Mtoto ambaye tabia zake zinamzuia kujifunza, au zinawazuia wenzake, huweza kuandikiwa pia mpango wa tabia. Kazi yako inatokana na karatasi hizo. Ikiwa imeandikwa kwamba apewe mapumziko ya dakika tano kila anapoinua kadi ya kuomba, hayo si zawadi ya kumpa siku akiwa mwema na kumnyima siku akikuudhi. Ni haki yake, na anayemnyima anavunja mpango wa kisheria, hata kama ana nia njema.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba kuusoma mpango kabla hujakutana na mtoto. Mwalimu wa elimu maalumu anaweza kukwambia hana nafasi, maana kweli hana. Ana watoto kumi na makaratasi ya watoto kumi. Sisitiza kwa adabu. Omba nusu saa tu, hata kama ni ile sehemu inayokuhusu. Tafuta mle ndani ni kitu gani kinamchokoza, anaonyeshaje kwamba anaanza kuchemka, na watu wazima wamekubaliana kufanya nini akifika hapo. Usipoyajua hayo utatumia malezi ya kwenu, na malezi ya kwenu yatakusaidia mahali fulani na kukuangusha pengine.

Sasa tufike kwenye kiini. Wataalamu wa tabia husema mtoto hufanya jambo kwa sababu linampatia kitu, na sababu hizo huzipanga katika mafungu manne. Anakwepa jambo asilolitaka, anataka aangaliwe, anataka kitu au shughuli fulani, au mwili wake wenyewe unapata raha au nafuu kwa kufanya hivyo. Tendo lile lile linaweza kuwa na sababu mbalimbali. Watoto wawili wanatupa vitabu chini. Mmoja anakimbia hesabu, wa pili anamtaka mwalimu aache kuongea na wengine aje kwake. Ukiwatendea sawa, mmoja wao utamharibu zaidi.

Ili kuijua sababu unaandika. Kila tukio lina sehemu tatu: kilichotangulia, alichokifanya, na kilichofuata. Chukua mtoto ambaye kila siku, mnamo saa nne asubuhi, anapiga kelele, anasukuma meza, na hatimaye anatolewa nje akae barazani na mtu mzima mpaka atulie. Wote wanasema ni mkorofi. Baada ya wiki mbili tatu za kuandika, ukurasa unaonyesha jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho: saa nne ni saa ya karatasi ya hesabu zenye maelezo marefu ya kusoma, na akirudi kutoka barazani karatasi zimeshakusanywa. Kumtoa nje, ambako shule nzima inakuita adhabu, kwake ndiyo malipo. Tena tunamlipa kila siku bila kukosa.

Dawa yake si kumzuia asitoke tu. Mfundishe njia nyepesi kuliko kelele ya kupata kile kile anachokitafuta. Mwaka 1985 wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand walichapisha utafiti ambao bado unatajwa hadi leo. Waliwafundisha watoto wenye ulemavu kusema kwamba hawaelewi, kazi inapokuwa ngumu, na kuuliza kama wanafanya vizuri, wanapokosa kuangaliwa. Vurugu zilipungua pale ambapo sentensi iliendana na sababu. Sentensi isiyoendana haikusaidia kitu. Mtoto wetu wa saa nne anahitaji kadi yenye neno "msaada" na mtu mzima anayekuja mara moja anapoiinua. Siku za mwanzo njoo hata akiiinua mara ishirini. Asiyeweza kusema kabisa anaweza kutumia picha au kompyuta bapa inayotamka anachogusa, na usimnyang'anye chombo hicho kama adhabu hata siku moja. Ni kumziba mdomo.

Namna ya kuandika ina umuhimu wake. "Alikuwa na hasira, akafanya fujo" ni maoni. "Saa 4:10 alipewa karatasi ya hesabu, alisukuma meza mara mbili, akalia kwa dakika nne, mwalimu alimtoa nje" ni ushahidi. Andika hivyo hata Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga. Wakaguzi hawatafuti ufasaha. Maandishi yako yana uzito kuliko mshahara wako. Kwa mujibu wa IDEA, shule ikitaka kumsimamisha mwanafunzi kwa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo kwa kosa la nidhamu, timu ni lazima ikae na kuamua kama kosa lile limetokana na ulemavu wake au limetokana na shule kushindwa kuutekeleza mpango. Siku hiyo daftari lako ndilo litakalofunguliwa.

Wazee wetu walisema mtoto akililia wembe, mpe. Katika kazi hii methali hiyo iache nyumbani. Mtoto aliyezoea kupata kompyuta kwa kupiga mayowe, siku ukiacha kumpa hatapunguza mayowe. Ataongeza, atajaribu na mateke, maana zamani njia hii ilifanya kazi na anadhani hajakazana vya kutosha. Hali hiyo ya kuzidi kabla ya kupungua inajulikana vizuri na wataalamu, na ndipo wasaidizi wapya wanapovunjika. Siku ya tatu wanachoka, wanampa. Hapo umemfundisha kwamba bei imepanda: mayowe hayatoshi, yanatakiwa na mateke. Kama hujajipanga na wenzako kushikilia hadi mwisho, ni bora usianze kabisa. Na kupuuza huku kuna mpaka. Unapuuza kelele, humpuuzi mtoto anayejigonga kichwa ukutani. Huyo unaweka mto au mkono wako kati yake na ukuta, kimya, bila hotuba, bila kumwangalia usoni.

Kimya hiki ndicho kigumu kwetu. Sisi tumelelewa kwa maneno. Mtoto akikosea anaambiwa, anaonywa, anaulizwa kama anasikia, anakumbushwa alivyolelewa. Mtoto aliyekwisha kupandwa na hasira hapokei maneno. Kila sentensi unayoiongeza ni kelele juu ya kelele. Shusha sauti. Simama upande, si mbele yake, umbali wa mkono na zaidi. Toa agizo moja la maneno mawili matatu kisha subiri, hesabu kumi moyoni kabla ya kulirudia, maana wengi wa watoto hawa wanahitaji muda kuyachambua maneno, na wewe una lafudhi ambayo hawajaizoea. Usiulize swali usilotaka lijibiwe hapana. "Ungependa kukaa?" ni mwaliko wa kusema sipendi. Sema "kaa", halafu mpe hiari ya kweli mahali ilipo: kiti hiki au kile, penseli au kalamu ya rangi. Ikibidi kuhamisha watu, mara nyingi ni rahisi zaidi kuwatoa wenzake darasani kuliko kumburuta yeye.

Upo upande ambao malezi yetu yanatubeba. Walimu wengi wa Kimarekani humlazimisha mtoto awatazame machoni wanapomsemesha, na kwa mtoto mwenye usonji hilo linaweza kuwa mateso. Sisi tuliokua tukiinamisha macho mbele ya mkubwa hatuoni dharau katika uso ulioinama. Halafu kuna ile desturi ya kumtuma mtoto. Kule kwetu mtoto anayesumbua hutumwa dukani, kisimani, kwa jirani. Huku wataalamu wa tiba kwa vitendo hupendekeza kumpa mtoto asiyetulia kazi nzito za mwili, kama kubeba boksi la vitabu hadi ofisini, kusukuma kikapu chenye mzigo au kupanga viti, kwa kuwa misuli ikifanya kazi wengine hutulia. Basi mtume. Mtume kabla hajachemka, mara kwa mara kwa ratiba, ili isiwe malipo ya fujo. Mwambie anakusaidia, na awe anakusaidia kweli.

Dhoruba ikipita, mtoto huwa amechoka na pengine ana aibu. Huo si wakati wa mahubiri. Mpe maji, mpe dakika chache, kisha mrudishe kwenye kazi ile ile hata kama ni kipande kidogo tu, hesabu moja badala ya kumi, ili asijifunze kwamba fujo imeifuta. Akiimaliza hiyo moja, msifu kwa kutaja alichofanya. "Umeomba msaada kwa kadi" ni sifa yenye mafunzo; "mtoto mzuri" haimwambii kitu. Na tabia nyingine ziache zilivyo. Anayepunga viganja au kujitikisa akiwa na furaha hamuumizi mtu. Watu wazima wenye usonji wameeleza wazi jinsi walivyoumizwa na miaka ya kulazimishwa kukaa kama wengine, na mimi nawaamini kuliko chati yoyote.

Kuhusu mikono, sikiliza vizuri. Wengi wetu tulichapwa shuleni. Tanzania kanuni za viboko za mwaka 1979 bado zinamruhusu mkuu wa shule kuadhibu hivyo. Kenya imepiga marufuku, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeandika hivyo waziwazi. Marekani nayo, utashangaa, ina majimbo ambayo sheria yake bado haijakataza bakora shuleni. Wewe usiangalie majimbo. Usimpige, usimfinye, usimvute sikio, usimkamate mkono kwa nguvu kumpeleka mahali. Kumshika mtoto kwa kumzuia kunahusu hatari ya kuumia tu, na kunafanywa na aliyefundishwa, kwa utaratibu wa jimbo husika, kisha kunaandikwa na mzazi anajulishwa. Shule nyingi hutumia mafunzo ya Crisis Prevention Institute au yanayofanana nayo. Omba kuyapata kabla, si baada. Huko ndiko utakakofundishwa mambo ambayo akili ya kawaida haiyajui, kwa mfano kwamba ukingatwa hutakiwi kuuvuta mkono, maana nyama inachanika. Unausukuma kidogo kuelekea mdomoni hadi taya lilegee.

Mavazi nayo ni sehemu ya usalama. Funga nywele, acha hereni ndefu na mikufu nyumbani, vaa viatu vya kukimbilia. Dada zangu wenye hijabu, ile ya kuvutika isiyo na pini ndiyo inayofaa. Ukiumia, hata ikiwa mkwaruzo, nenda kwa muuguzi na ujaze fomu siku hiyo hiyo. Watu wetu wanaona haya kulalamika juu ya jeraha la mtoto, halafu mkono ukivimba wiki ya pili hakuna karatasi ya kuonyesha umeumia kazini.

Kosa jingine halina kelele, na huwapata zaidi wasaidizi wenye upendo. Mwaka 1997 Michael Giangreco wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzake walichapisha utafiti juu ya wasaidizi wanaokaa karibu mno na mwanafunzi. Waliona mtoto anatengwa na wenzake, anakuwa tegemezi kwa mtu mzima, na mwalimu wa darasa anaacha kumhesabu kama mwanafunzi wake. Nani atakuja kucheza na mtoto ambaye pembeni yake kuna mama wa watu mchana kutwa? Kwa hiyo kaa nyuma kidogo. Saidia na wanafunzi wengine. Swali la mtoto mrudishie mwalimu ajibu yeye. Anza na msaada mdogo kabisa, yaani kusubiri, kisha kuonyesha kwa kidole, kisha neno, na kumshika mkono kuwe mwisho. Usimfungie viatu kwa sababu kengele imelia na wewe una haraka.

Mdomo wako pia unaangaliwa. Kumbukumbu za mwanafunzi zinalindwa na sheria ya shirikisho ya 1974, FERPA, lakini hatari yetu ni ndogo na ya karibu zaidi: katika miji mingi Waswahili tunajuana, tunasali pamoja, tuna kundi moja la WhatsApp. Hadithi ya "kuna mtoto shuleni kwetu" inaweza kumfikia mama yake kabla ya Ijumaa. Usipige picha, usitume sauti, usihadithie hata bila jina. Ukiona alama za kipigo mwilini mwa mtoto, au akakwambia jambo la kutisha, sheria za majimbo kwa kawaida zinamtaka mfanyakazi wa shule aripoti. Jifunze utaratibu wa jimbo lako siku ya kwanza, usianze kufanya upelelezi wako.

Na jambo linalotuhusu sisi hasa. Familia za Kikongo na nyingine zinazosema Kiswahili zikiitwa kwenye kikao cha IEP, shule itakutazama wewe utafsiri. IDEA inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kikao, ikiwemo kumletea mkalimani. Wewe ni msaidizi wa mtoto, una maoni yako, na pengine Kiswahili chako cha pwani si Kiswahili cha Lubumbashi. Kumwamkia mama na kumwonyesha chumba ni ubinadamu. Kubeba mustakabali wa mtoto wake kwa tafsiri ya papo kwa papo bila mafunzo ni jambo jingine. Mwambie mama ana haki ya kuomba mkalimani, na mwambie mwalimu hivyo hivyo.

Makaratasi ya kuingilia nayataja kwa haraka. Shule zinazopata fedha za shirikisho za Title I kwa kawaida hudai, juu ya cheti cha sekondari, miaka miwili ya chuo au kufaulu mtihani. Majimbo mengi hutumia ParaPro, wenye maswali 90 ya kusoma, kuandika na hesabu, kwa saa mbili na nusu. Vyeti vya Tanzania (NECTA) au Kenya (KNEC) huenda vikahitaji kwanza kutathminiwa na kampuni zinazotambuliwa. Ukipenda kazi, kuna cheti cha ufundi wa tabia, RBT, kinachoanza na mafunzo ya saa 40, na kinafungua milango kliniki na majumbani. Malipo shuleni mara nyingi ni kwa saa. Mwaka wa shule una takriban siku 180, na sehemu nyingi hakuna mshahara wa kiangazi, basi panga kodi ya Julai tangu Januari.

Ukiitwa kwenye usaili, na wewe uliza. Uliza nani atakufundisha kabla ya kukabidhiwa mtoto, na kwa saa ngapi. Uliza nani anakuja ukiita msaada, na anafika baada ya dakika ngapi. Uliza nani anakupokea ili uende chooni na ule chakula cha mchana. Mkuu wa shule anayeyajibu haya bila kusitasita amekwisha kuyafikiria. Anayecheka na kusema utazoea tu, muage kwa heshima uombe shule ya jirani. Wasaidizi wa namna hii wanatafutwa wilaya nyingi, na huna sababu ya kuanzia mahali ambapo wewe na mtoto mtaachwa peke yenu.